Picha Nyingi, Nafasi Moja: Maswali Mnayotuuliza Kuhusu Kuunganisha Picha

Duka letu lipo Mwanga, Kigoma mjini. Kazi zetu ni zile za steshenari yoyote: kutoa kopi, kuprinti, kuskani, picha za pasipoti, kujaza fomu za mtandaoni. Miaka hii ya karibuni kuna kazi moja imepanda juu ya nyingine. Mtu anakuja na simu yenye picha arobaini za boti, za nyumba ya kupangisha au za vitenge, na kule anakotaka kuziweka panakubali nne tu, pengine moja. Anatuomba tuziunganishe. Maswali yanayofuatia ni yale yale kila siku, kwa hiyo tumeamua kuyaandika hapa, kwa lugha ile ile mnayotuulizia mezani.

Hii kolaji mnayoisema ni nini hasa?

Ni picha kadhaa zilizopangwa ndani ya fremu moja na kuhifadhiwa kama faili moja. Mtandao unaona picha moja, macho yanaona nne. Neno limetoka kwa Wafaransa, na asili yake ni kubandika kwa gundi.

Msidhani ni jambo geni. Ukija kutoa kopi ya kitambulisho tunakuwekea mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Hiyo tayari ni kolaji. Zile pasipoti nane za milimita 35 kwa 45 zinazotoka kwenye karatasi moja ya sentimita 10 kwa 15, nazo ni kolaji. Mafundi picha wa zamani walikuwa wanabana karatasi. Sisi tunabana nafasi ya mtandaoni.

Kwa nini wananiwekea kikomo wakati bando ni langu?

Bando ni lako lakini stoo ni yao. Kila picha unayopandisha inakaa kwenye kompyuta za mtu fulani, na kila anayefungua tangazo lako anaivuta upya. Ndiyo maana wanapima.

Wanapima kwa njia tatu, na nyingi ya shida tunazoletewa zinatokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni idadi: X (zamani Twitter) inakubali picha nne kwa chapisho moja, Instagram ilikuwa kumi kwa miaka mingi, Agosti 2024 ikapanda hadi ishirini, eBay ni ishirini na nne kwa bidhaa. Ya pili ni uzito wa faili, zile KB na MB. Ya tatu ni vipimo, yaani pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) za upana na za urefu.

Kolaji ni dawa ya idadi. Kwenye uzito inasaidia kidogo. Kwenye vipimo haisaidii kitu, inaumiza, na swali linalofuata ndipo penye mzizi wa yote.

Nikiunganisha picha tisa si nimepata nafasi tisa za bure?

Hapana. Ukikata kiwanja kimoja vipande tisa hujapata viwanja tisa. Umepata vipande tisa vya kujenga choo.

Tuchukue hesabu taratibu. Simu yako inapiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, ndizo hizo megapikseli 12 mnazosoma kwenye boksi. Tuseme unakoipeleka wanapunguza upande mrefu hadi 1600. Ukiipeleka peke yake, upande wake mrefu unabaki 1600 kamili. Ukipanga picha nne kwenye mraba wa 1600, kila moja inaachiwa upande wa 800. Ukipanga tisa, kila moja inabaki na 533. Kwenye Instagram upana ni 1080, kwa hiyo nne zinapata 540 kila moja na tisa zinapata 360.

Hizo ni pikseli; sasa njoo kwenye kioo. Kioo cha simu nyingi kina upana wa kama sentimita 7. Gawa kwa tatu, unapata sentimita mbili na kidogo. Yaani kila picha yako, ya nyumba nzima yenye vyumba vitatu na kisima, inaonekana ndogo kuliko pasipoti. Mnunuzi anaweza kukuza kwa vidole, sawa, ila pikseli zikiwa zimeshatupwa anachokuza ni ukungu.

Kwa hiyo kabla hatujaunganisha tunakuuliza swali moja, na wateja wengine huliona la usumbufu: mnunuzi wako anataka kuona nini? Jibu lake ndilo linaamua idadi.

Sasa niweke ngapi?

Mbili, kama ni kabla na baada: kiti kilichochakaa na kiti kilichopigwa kitambaa kipya, ukuta kabla ya rangi na baada. Tatu, moja ikiwa kubwa na mbili ndogo pembeni, ndiyo tunayoipenda hapa dukani kuliko zote. Nne, kwa vyumba vya nyumba. Sita, kwa vitu bapa vinavyotofautiana kwa rangi tu, kama vitenge. Tisa tunakufanyia ukisisitiza, hela ni yako.

Mbona mnaogopa sana picha tisa?

Kwa sababu mimi mwenyewe nilishaharibu. Mzee mmoja wa Kibirizi alileta picha za boti yake ya mbao, yenye injini ya nje ya hp 40. Tovuti aliyotaka kuiweka ilikuwa na nafasi tatu. Nikajiona fundi: nikampangia kolaji tatu, kila moja na picha tisa, jumla ishirini na saba. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, ndani, mbele, nyuma, injini ikiwa imefungwa, injini ikiwa imefunguliwa, boti majini, boti mchangani. Hata mstari mweupe katikati ya picha na picha niliupima.

Simu zikaanza kupigwa, na zote zilikuwa za maswali. Mbao za ndani zikoje? Injini ina kibati chake? Mtu mmoja alipiga kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akitaka kujua kama ule mstari mweusi kwenye mkuku, ule mti wa chini wa boti, ni ufa au ni kivuli. Ilikuwa kamba. Kila walichouliza kilikuwemo kwenye picha, ila hakuna aliyeweza kukiona. Mzee akarudi dukani na kuniambia, kwa upole wote wa wazee, kwamba nimempigia picha za kutazamwa na sisimizi.

Tukaanza upya bila kumlipisha. Nafasi ya kwanza: boti nzima kwa ubavu, peke yake, imejaa fremu. Nafasi ya pili: mbao za ndani na mkuku, picha mbili tu, moja juu ya nyingine. Nafasi ya tatu: injini ikiwa kubwa upande wa kushoto, na pembeni yake kibati chenye namba na hali ya propela. Picha sita badala ya ishirini na saba. Waliopiga baada ya hapo walikuwa wanauliza bei.

Nauza dagaa. Zinaunganishwaje hizo?

Anza na hofu ya mnunuzi. Anayenunua dagaa akiwa mbali, awe Tabora au Dar es Salaam, ana hofu moja kuu: mchanga. Anajua kuna dagaa wanaanikwa kwenye chanja na kuna wanaomwagwa chini. Hofu yake ya pili ni kuuziwa dagaa wa Ziwa Victoria kwa jina la Kigoma. Hao ni samaki wa ukoo mwingine kabisa, na mwenye jicho anawatofautisha akiwaona kwa karibu. Neno muhimu hapo ni kwa karibu.

Kwa hiyo picha kubwa ya kolaji yako isiwe gunia. Gunia ni gunia, hata la mahindi linafanana. Chukua dagaa wa kiganja kimoja, wamwage kwenye karatasi nyeupe, waviringishe kidogo kwa vidole, kisha wasogeze pembeni ili nusu ya karatasi ionekane tupu. Piga hapo, kivulini, kama saa tatu asubuhi. Weupe wa karatasi isiyo na chembe ndio unaouza, pamoja na ule mng'ao wa fedha kwenye mbavu za dagaa. Hiyo iwe kubwa. Ndogo ya kwanza ni chanja. Ndogo ya pili ni gunia au ndoo kwenye mzani, namba zikisomeka.

Kama karatasi yako imebaki na mchanga, tatizo lako si la kolaji.

Na mawese?

Mawese yana ugomvi wa rangi. Ukipiga chupa moja juani, nyingine ndani chini ya taa ya manjano, ya tatu usiku kwa flashi, kisha ukazipanga fremu moja, mnunuzi ataona mafuta ya aina tatu na atadhani unachanganya. Picha zikikaa mbalimbali jicho linasamehe. Zikikaa bega kwa bega halisamehe. Piga zote kwa wakati mmoja na mwanga mmoja. Hilo ni kwa mise pia, yale mafuta ya kokwa za mchikichi, na kwa asali, na kwa kitu chochote kinachonunuliwa kwa rangi.

Nina vitenge doti hamsini, na mteja anataka kuviona vyote.

Hapa kolaji ndiyo kazi yake hasa. Sita kwa fremu, mistari miwili ya vitatu, kila kitenge kimepigwa kutoka juu kikiwa kimetandazwa, si kimekunjwa. Kisha andika namba kubwa kwenye kona ya kila picha: 1, 2, 3 mpaka 6, na fremu inayofuata ianze 7. Bila namba utakesha: yule wa kijani, kijani kipi, kile chenye ndege, ndege wakubwa au wadogo? Ukiwa na namba, mteja anakuandikia "nipe 4 na 11" na mmemaliza.

Namba uziweke kwenye kona ile ile kila mara, nyeusi juu ya kibandiko cheupe. Namba nyekundu juu ya kitenge chekundu tumeziona, na tumezirudia.

Bei usiiandike juu ya picha. Iandike kwenye maelezo. Bei inabadilika, na picha ikishasambaa kwenye magrupu huwezi kuirudisha. Mwaka ujao mtu atakuletea bei ya leo na kukushika nayo.

Picha ya kwanza ya tangazo nayo niiunganishe?

Usiiunganishe. Ya kwanza iwe moja, safi, imejaa fremu. Ile ndiyo mtu anaiona akiwa anateremsha orodha kwa kidole gumba, na pale inaonekana ndogo hata kabla hujaigawa. Kolaji zianze nafasi ya pili. Tena kuna mahali wanakataa kabisa: Amazon picha kuu ya bidhaa wanataka bidhaa yenyewe juu ya weupe mtupu, bila maandishi wala mipaka, na eBay nao hawataki fremu na maandishi kwenye picha. Soma masharti ya unakouza.

Kama una nafasi moja tu, basi hakuna jinsi: tumia ile ya kubwa moja na ndogo mbili.

Kaka, mbona kwenye tangazo kichwa cha mtoto kimekatwa, na kwenye simu yangu kipo?

Kwa sababu tovuti nyingi kwenye orodha zinaonyesha mraba wa katikati tu. Ukitengeneza kolaji ndefu kama utepe, juu na chini vinaliwa, au kushoto na kulia. Tengeneza mraba, utalala salama mahali pengi. Instagram ndiyo imebadilika: ukurasa wa mtu ulikuwa miraba miaka yote, mwaka 2025 wakahamia umbo la wima la 3 kwa 4. Kwa hiyo huko weka vitu muhimu katikati, kingo zibaki za hewa.

Kuhusu kupanga: picha zilizopigwa wima zikae bega kwa bega, zilizopigwa kwa ulalo zikae moja juu ya nyingine. Ukilazimisha ya ulalo kuingia kwenye chumba cha wima, programu itaikata yenyewe, na haijui kichwa ni nini na mguu ni nini. Ndiyo maana tunapendelea kukata kila picha kwa mkono kwanza, kisha ndiyo tupange. Mstari wa kutenganisha uwe mweupe, mwembamba. Mioyo, maua na fremu za dhahabu ni za harusi.

Nitumie programu gani nikitaka kufanya mwenyewe nyumbani?

Anza na uliyonayo. Samsung nyingi zina kolaji ndani ya galari yenyewe: chagua picha mbili hadi sita, fungua sehemu ya kuunda, gusa kolaji. Google Photos nayo inayo. Faida ya ile ya kwenye galari ni kwamba haihitaji bando. Canva ni nzuri na ina mapambo mengi, lakini inategemea sana mtandao, na jioni mtandao ukisumbua utaachwa na nusu ya kazi. Programu za bure unazopakua ovyo, angalia mambo mawili: kama zinakugongea nembo yao kwenye kona, na kama zinaomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako. Programu ya kupanga picha inataka majina ya watu ya nini?

Kwenye kompyuta, watu wengi wanayo PowerPoint na hawajui kwamba inatosha. Fungua slaidi tupu, nenda kwenye ukubwa wa slaidi, andika sentimita 50 kwa 50, ingiza picha, zipange, kisha hifadhi kama JPEG. Utapata mraba wa karibu pikseli 1890. Usiporuka hatua ya kubadilisha ukubwa ndiyo utafurahi. Ukiiruka, slaidi ya kawaida inatoka na 1280 kwa 720, na utarudi kutuuliza swali linalofuata.

Mbona imetoka na ukungu?

Hili linaulizwa kuliko yote. Mara nyingi mkosaji ni mmoja kati ya hawa.

WhatsApp. Picha ulizonazo hazikupigwa na simu yako, ulitumiwa. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaipunguza hadi karibu 1600 upande mrefu na kuifinya uzito. Mwambie aliyepiga akutumie upya kama hati, yaani aiambatishe kama faili badala ya kuichagua kama picha. Tangu 2023 kuna pia kitufe cha HD, ni afadhali, ila hati ndiyo inayofika kama ilivyotoka.

Skrinishoti. Umetengeneza kolaji nzuri, hukuona pa kuihifadhi, ukaipiga skrinishoti. Sasa umechukua pikseli za kioo chako, siyo za picha. Simu nyingi za bei ya chini zina kioo chenye upana wa pikseli 720. Kolaji ya picha nne kwenye 720 ni 360 kila moja. Tumesharudi kwa sisimizi.

Kuhifadhi mara nyingi. JPEG, fomati iliyokuwepo tangu 1992, inapunguza uzito kwa kuigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho haliyajali sana. Kila ukifungua, ukarekebisha na kuhifadhi tena, inatupa tena. Ukiona vijiraba kwenye anga au kwenye ukuta mweupe, ndiyo hayo. Dawa ni mpangilio wa kazi: kata kila picha, rekebisha mwanga, panga, hifadhi mara moja. Picha zako za asili usiziguse, ziache pembeni, kwa sababu utazihitaji siku mteja akisema anataka ile ya tatu peke yake.

Na mara chache mkosaji ni lenzi. Mafuta ya kidole. Pangusa kwa pamba au fulana safi kabla hujaanza kuilaumu simu.

Mfumo unaniambia faili limezidi, mwisho KB 500.

Huo ni uzito, si idadi. Picha nne za MB 4 ni MB 16. Zikiunganishwa na kupunguzwa mpaka mraba wa 1600, kwa kawaida faili linashuka chini ya MB 1, lakini linaweza bado kuzidi hiyo 500. Punguza vipimo kwanza: ukikata kila upande nusu, pikseli zinabaki robo. Kama bado, punguza kiwango cha ubora wakati wa kuhifadhi, toka 90 uje 80, kisha 70. Ukifika chini ya 60 vijiraba vinaanza kujitokeza. Hapo ondoa picha moja kwenye kolaji badala ya kuendelea kuibana.

Wenye iPhone mna jambo lenu: tangu 2017 simu hizo zinaweza kuhifadhi picha kwa fomati ya HEIC badala ya JPEG, na mifumo mingine haiitambui kabisa, inakwambia faili si sahihi hata likiwa dogo. Ukiunganisha na kuhifadhi kama JPEG tatizo linaisha lenyewe.

Naomba kazi, na wana nafasi moja ya kupandisha vyeti. Niunganishe?

Tafadhali usifanye kolaji ya vyeti. Anayehakiki anahitaji kusoma namba ya mtihani, mhuri na sahihi. Skani kila cheti, viweke kwenye PDF moja yenye kurasa nyingi: faili ni moja, na kila cheti kina ukurasa wake mzima. Hakuna kinachogawana nafasi. Kitambulisho mbele na nyuma kwenye ukurasa mmoja, sawa. Picha yako ya pasipoti iende peke yake mahali pake. Tulishaona mtu kaweka pasipoti tatu katika fremu moja ili wachague iliyo nzuri.

Kwa kweli ujanja wa PDF ni bora kuliko kolaji popote unapokubaliwa. Shida ni kwamba matangazo ya biashara mengi hayaupokei.

Si udanganyifu huu? Wamesema picha nne, mimi naweka kumi na sita.

Wamesema faili nne, na umeweka faili nne. Kama lengo lao ni kubana stoo, hujawaongezea mzigo. Lakini kama masharti yameandika wazi kwamba kila picha ionyeshe kitu kimoja, au kolaji hazitakiwi, basi usiweke. Wataliondoa tangazo na utapoteza hata zile nne. Udanganyifu halisi ni mwingine: kuchukua picha ya sebule ya nyumba nyingine na kuichomeka katikati ya picha za nyumba yako ukidhani kwenye kolaji haitaonekana. Vigae havifanani, na watu wanaona.

Kuna njia nyingine zaidi ya kolaji?

Zipo. Video fupi ya sekunde thelathini ukizunguka boti au chumba inaonyesha kuliko kolaji kumi, ila inakula bando lako na la mtazamaji. Au weka picha zote kwenye albamu ya mtandaoni kisha ubandike kiungo kwenye maelezo. Wengine wanakataza viungo, na wanunuzi wengi wanaogopa kuvibonyeza, kwa haki kabisa. Tunachowashauri wengi ni hiki: nafasi chache zitumike vizuri, na mwisho wa tangazo uandike kwamba picha zaidi unatuma kwa WhatsApp. Anayeomba picha zaidi tayari ni mnunuzi nusu.

Nichunge nini kabla sijapandisha?

Kona. Kwenye picha moja utaona kitu kisichotakiwa. Kwenye kolaji ya sita hukioni, ila mwenye nia mbaya atakitafuta. Tumekuta hati ya kiwanja iko wazi mezani nyuma ya sofa inayouzwa, namba ya gari la jirani, sura za watoto wa watu waliokuwa wanacheza uani. Kuza kila picha mpaka mwisho, zunguka kona nne, ficha kinachotakiwa kufichwa kwa kibandiko kizito. Ukungu mwepesi juu ya namba mara nyingine bado unasomeka.

Na picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Kolaji mpya mara nyingi haibebi taarifa hiyo. Picha moja moja unazotuma kama hati zinaibeba, kwa hiyo kama ni za nyumbani kwako, zima mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga.

Picha zangu ni za karatasi, za zamani.

Zilete. Tunaziskani, hatuzipigi kwa simu. Mng'ao wa karatasi unaharibu. Albamu zenye plastiki ya kunata usizibandue mwenyewe.

Mnalipisha kiasi gani, na inachukua muda gani?

Kolaji moja ni shilingi 1,000, ikiwa na kukata na kurekebisha mwanga. Vitenge vyenye namba, kuanzia fremu tano, tunaelewana. Dakika kumi kwa moja kama umeshachagua picha. Kama hujachagua, kaa kwenye benchi uchague kwanza, maana kuchagua toka picha arobaini ndiko kunakokula muda. Mama mmoja alikaa mpaka adhuhuri, akaondoka na picha tatu, na lile tangazo lilimpatia mpangaji.

Umeme ukikatika tunafanyia kwenye simu yako mwenyewe, mradi uje ina chaji.